Kona ya dakika ya 72: LAFC, Tigres na hesabu zilizofanywa Februari

Dakika ya 61 Diego Rossi alijikuta uso kwa uso na kipa. Mark-Anthony Kaye alikuwa amempenyezea pasi katikati ya mabeki, Nahuel Guzmán akatoka golini mbio, na kijana yule wa Urugwai akaudokoa mpira ukapita juu yake ukaingia wavuni. Los Angeles FC (LAFC) 1, Tigres ya Meksiko 0. Ilikuwa usiku wa tarehe 22 Desemba 2020 mjini Orlando, kwetu huku alfajiri ya tarehe 23, na zilikuwa zimebaki dakika 29 klabu ya Marekani ibebe Ligi ya Mabingwa ya Concacaf, shirikisho la soka la Amerika Kaskazini, Amerika ya Kati na Karibi, kwa mara ya kwanza tangu mashindano yavae jina hilo mwaka 2008.

Dakika ya 72 ikapigwa kona. Hugo Ayala wa Tigres akaruka, kichwa, moja kwa moja. Dakika ya 84 beki wa kulia Luis Rodríguez akamtengea André-Pierre Gignac kwenye ukingo wa eneo la hatari, Mfaransa akapiga, Kenneth Vermeer akabaki anautazama. Mbili kwa moja. Filimbi ya mwisho ikalia hivyo hivyo.

Klabu za Marekani zimefungwa na za Meksiko mara nyingi mno, na vipigo vizito zaidi ya hiki vipo tele. Nimekichukua hiki kwa sababu moja: usiku ule hakukuwa na kisingizio.

Tuanze na visingizio vyenyewe, maana si vya kubeza. Cha kwanza ni mwinuko. Jiji la Meksiko liko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, Pachuca kama mita 2,400, Toluca inapita 2,600. Mchezaji aliyetoka kufanya mazoezi pwani ya California akifika huko mapafu yanamwambia ukweli kuanzia nusu saa ya kwanza. Cha pili ni kalenda. Ligi ya Marekani, MLS, huanza mwishoni mwa Februari au Machi, wakati hatua ya mtoano ya Concacaf huanza Februari hiyo hiyo. Klabu ya Marekani inaingia uwanjani ikitoka kwenye maandalizi ya msimu, miguu mizito, inakutana na timu ya Meksiko iliyokwisha cheza mechi sita au saba za ligi yake. Cha tatu ni mashabiki: ukienda uwanja wa Azteca kule Jiji la Meksiko au kwa Tigres penyewe, unacheza ndani ya kelele. Na mechi zilikuwa za mikondo miwili, kwa hiyo hata ukishinda kwako, bado kuna safari.

Kwa miaka hayo yalitosha kueleza mambo. D.C. United ilibeba kombe la Concacaf mwaka 1998 kwa kuifunga Toluca, LA Galaxy ikachukua la mwaka 2000, lakini hayo yalikuwa mashindano ya muundo wa zamani, mafupi, yakimalizikia Marekani kwenyewe. Kuanzia 2006 hadi 2019 makombe yote 14 yalikwenda Meksiko. Real Salt Lake ilifika fainali ya 2011, ikatoka sare ya 2–2 kule Monterrey, kisha ikafungwa nyumbani kwa bao moja la Humberto Suazo. Montreal ilifika 2015, Toronto 2018, zote mbili za Kanada ingawa zinacheza MLS. Toronto ndiyo iliyoumia zaidi: ilipoteza 2–1 kwao, ikashinda 2–1 Guadalajara, ikatolewa na Chivas kwa penalti.

Halafu korona ikaja, na kwa namna ya ajabu ikafanya jaribio ambalo hakuna kamati ya mashindano ingethubutu kulifanya.

Mashindano ya 2020 yalisimama Machi katikati ya robo fainali. Yaliporudi Desemba, Concacaf iliwakusanya wote Orlando, uwanja mmoja, katika tambarare ya Florida ambako mwinuko si hoja. Nusu fainali na fainali zikawa za mechi moja. Majukwaa matupu. Wahenga wanasema mcheza kwao hutunzwa. Orlando hakuna aliyekuwa kwao, na kama kuna aliyekuwa karibu na kwao, basi ni Wamarekani. Hata kalenda ilisawazishwa. LAFC ilitolewa kwenye mtoano wa ligi yake tarehe 24 Novemba. Tigres nayo ilitolewa na Cruz Azul katika robo fainali ya Meksiko mwishoni mwa mwezi huo huo. Wote walikuwa wamepumzika, wote walikuwa wamemaliza msimu, wote walikuwa wamelala hotelini. (Montreal, klabu aliyokuwa akiichezea Victor Wanyama wetu chini ya Thierry Henry, nayo ilikuwa Orlando, ikaaga mapema mbele ya Olimpia ya Hondurasi kwa kanuni ya bao la ugenini.)

Na LAFC haikufika fainali kwa kubahatisha. Februari ilifungwa 2–0 na León kule Meksiko, ikairudishia 3–0 Los Angeles, mabao mawili ya Carlos Vela na moja la Rossi. León hiyo hiyo ikaja kuwa bingwa wa Meksiko Desemba. Kule Orlando LAFC ikaifunga Cruz Azul 2–1, bao la ushindi likitoka kwa Kwadwo Opoku, Mghana wa miaka 19. Kweli, Cruz Azul ilifika pale ikiwa imevunjika moyo: mapema mwezi huo ilikuwa imeshinda mkondo wa kwanza wa nusu fainali ya ligi 4–0, kisha ikafungwa 4–0 na Pumas na kutolewa. Wameksiko wana kitenzi kwa ajili yao, *cruzazulear*, yaani kupoteza kilichokwisha kuwa mkononi. Lakini aliyevunjika moyo naye lazima afungwe, na LAFC ilimfunga.

Nusu fainali ndiyo iliyonifanya niamini. Mpinzani alikuwa América, klabu ya Jiji la Meksiko, na ilitangulia kwa penalti. Kipindi cha kwanza kilipomalizika wachezaji wakavaana, Guillermo Ochoa akaenda chini, na kiungo Eduardo Atuesta akaonyeshwa kadi nyekundu. Watu kumi, nyuma kwa bao moja, mbele ya klabu yenye makombe mengi kuliko yoyote kanda nzima. Hapo ndipo klabu za Marekani huwa zinafia. Vela akafunga bao mara tu baada ya mapumziko, akafunga jingine kabla dakika tatu za kipindi cha pili hazijaisha, na katika dakika za nyongeza Tristan Blackmon akaongeza la tatu. Siku mbili baadaye América ikamfukuza kocha wake, Miguel Herrera.

Kwa hiyo LAFC ilikuwa imezitoa klabu tatu za Meksiko katika mashindano mamoja, jambo ambalo hakuna timu ya MLS iliyokuwa imelifanya. Ilikuwa na Rossi, mfungaji bora wa ligi ya Marekani mwaka ule kwa mabao 14. Ilikuwa na Vela, ambaye mwaka uliotangulia alifunga 34 na kuweka rekodi ya ligi, na ambaye mwenyewe ni Mmeksiko, mzaliwa wa Cancún. Ikatangulia kufunga fainali. Ikapoteza.

Ukiuliza kwa nini, wengi wanakuonyesha Gignac. Ni kweli alikuwa mfungaji bora na mchezaji bora wa mashindano. Mimi naanzia kwenye ile kona, na kutoka kwenye kona narudi nyuma miezi kumi, hadi tarehe 11 Februari 2020, wiki moja kabla ya mechi ya kwanza dhidi ya León. Siku hiyo LAFC ilimwachia Walker Zimmerman aende Nashville, klabu nyingine ya MLS.

Zimmerman alikuwa beki wa kati, mrefu, mzuri wa mipira ya juu kwenye magoli yote mawili. Mwaka 2019 alikuwa kwenye kikosi bora cha ligi nzima. LAFC ilikuwa na msimu wa pointi 72, rekodi ya wakati ule, na yeye alikuwa nguzo ya nyuma. Badala yake klabu ilipata kitu kinachoitwa fedha za mgao, hadi kiasi cha dola milioni 1.25. Mwisho wa mwaka, akiwa na jezi ya Nashville, Zimmerman alichaguliwa beki bora wa MLS.

Fedha za mgao zinahitaji maelezo, kwa sababu bila kuzielewa huwezi kuelewa ni vipi klabu yenye wamiliki matajiri inaachana na beki wake bora wiki moja kabla ya mashindano makubwa kuliko yote iliyowahi kushiriki. Hazifanani na ada ya uhamisho tunayoijua. Hizi ni kama vocha ya dukani: huwezi kuipeleka benki, huwezi kulipia nayo umeme, inatumika ndani ya duka lile lile, yaani kupunguza uzito wa mshahara wa mchezaji kwenye vitabu vya ligi au kubadilishana na klabu nyingine ya ligi. Mwaka 2020 ukomo wa mishahara ulikuwa dola milioni 4.9 kwa wachezaji hadi 20 wa kikosi cha wakubwa. Gawa mwenyewe: wastani ni dola 245,000 kwa kichwa. Mchezaji mmoja hakuhesabiwa zaidi ya dola 612,500 kwenye ukomo huo. Juu ya hapo kuna nafasi tatu za nyota, zilizoanzishwa 2007 ili David Beckham aweze kulipwa, ambazo klabu inalipa itakavyo. Ndiyo maana Vela alikuwa anapata zaidi ya dola milioni 6 ilhali kwenye vitabu anaonekana mtu wa laki sita. Kisha zinakuja vocha za mgao, za aina mbili, za kuziba katikati.

Ukiwa na kanuni za namna hii, nyota unao. Vijana unao pia, tena wengi na wazuri, maana vijana ni rahisi na ukiwauza Ulaya unapata faida. Anayekuponyoka ni mtu wa katikati: beki wa miaka 26 aliyetoka kuwa na msimu bora wa maisha yake na anataka mshahara unaolingana nao. Si nyota wa kuuza jezi, kwa hiyo humpi nafasi ya Beckham. Ukimwongeza, anakula vocha za watu watatu. Ukimwachia, unapata vocha. Nyuma wakabaki vijana kama Eddie Segura, Mkolombia wa miaka 23. Msimu ule LAFC ilifunga mabao 47 katika mechi 22, mengi kuliko timu yoyote ya ligi, na ikafungwa 39. Timu inayofungwa karibu mabao mawili kwa mechi inaweza kuishi kwenye ligi ya kawaida. Kwenye fainali, ukiongoza 1–0 na zimebaki dakika 29, ni kuomba Mungu.

Sasa geuka utazame upande wa pili. Hugo Ayala, aliyeruka kwenye kona ile, alikuwa na miaka 33. Alikuwa Tigres tangu 2010. Alikuwa kwenye kikosi cha Meksiko cha Kombe la Dunia la 2018. Na kumbuka kwamba kwenye klabu hiyo hakuwa na uhakika wa namba: Carlos Salcedo na Diego Reyes, wote mabeki wa timu ya taifa, walikuwa wanagombea nafasi zile zile. Mabeki watatu wa kati wa timu ya taifa kwa nafasi mbili! Na Salcedo, niongeze hapa kwa uchungu kidogo, alianzia soka la kulipwa Real Salt Lake, Marekani, kabla ya kuondoka kwenda Meksiko. Tigres ni timu ya chuo kikuu kwa jina, lakini nyuma yake iko kampuni ya saruji ya Cemex, na ligi ya Meksiko haina ukomo wa mishahara. Mtu wa katikati kule analipwa kama mtu mzima na anabaki.

Akibaki, anazeeka na vidonda vyake. Hili watu hulisahau kuhusu Tigres ya 2020: ilikuwa timu ya kushindwa fainali za kimataifa. Ilipoteza fainali ya Concacaf ya 2016 kwa América, ya 2017 kwa Pachuca, ya 2019 kwa Monterrey, mahasimu wa mji mmoja. Mwaka 2015, Gignac akiwa ndiyo kwanza ametua kutoka Marseille, ilipoteza fainali ya Copa Libertadores kwa River Plate. Hata mwaka huo wa 2020 nusura itolewe raundi ya kwanza na Alianza ya El Salvador. Ilihitaji bao moja katika dakika za majeruhi, na aliyelifunga, kwa kichwa, ni kipa. Guzmán, huyo huyo ambaye Rossi angekuja kumdokolea mpira miezi kumi baadaye. Kocha Ricardo Ferretti, mzee Tuca, alikuwa akilaumiwa na mashabiki wake mwenyewe kwamba timu inachosha kutazama.

Ndiyo, inachosha. Tazama tena kilichotokea baada ya dakika ya 61. Tigres haikukimbia hovyo. Haikurusha mipira mirefu. Iliendelea kupiga pasi zile zile za kusinzisha, ikisogeza mchezo hatua tano tano mbele, ikapata kona. Gignac alikuwa na miaka 35, Guzmán 34, Ayala 33. Watu waliokwisha poteza fainali nne hawaogopi kuwa nyuma kwa bao moja, wamezoea pale. LAFC ilikuwa na vijana wenye miguu kuliko wao, na ilikuwa inaongoza fainali ya aina hiyo kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Klabu yenyewe ilianza kucheza mwaka 2018.

Kuna watakaoniambia namtwika Zimmerman mzigo asiostahili. Kona moja, kichwa kimoja, angeweza kuwepo na bado Ayala akafunga. Nakubali, hilo haliwezi kuthibitishwa. Watasema pia kwamba kanuni hazikuilazimisha LAFC. Uongozi ndio uliochagua pa kuweka uzito, na kocha Bob Bradley siku zote alipenda timu ya kushambulia. Na hilo nakubali kwa nusu. Lakini tazama wengine walioondoka mashindanoni mwaka ule. New York City ilifungwa na Tigres 1–0 na 4–0. Atlanta ilifungwa na América 3–0 Machi, ikashinda 1–0 Orlando, haikutosha. Klabu tofauti, makocha tofauti, chaguo tofauti, kanuni zile zile. Seattle haikusubiri hata Mmeksiko, ilitolewa na Olimpia kwa penalti.

Tigres ilikwenda Qatar Februari 2021 kwenye Kombe la Dunia la Klabu. Ikaifunga Ulsan ya Korea Kusini, ikaifunga Palmeiras ya Brazil kwa penalti ya Gignac, ikawa klabu ya kwanza ya Concacaf kufika fainali ya mashindano hayo, na ikapoteza 1–0 tu kwa Bayern Munich. Hiyo ndiyo timu iliyohitaji dakika 23 kuipindua LAFC, na nadhani inasaidia kuweka kipigo kile mahali pake.

Ukuta ulikuja kubomolewa Mei 2022, na aliyeubomoa ni Seattle. Sare ya 2–2 kwa Pumas, penalti mbili za Nicolás Lodeiro, ya pili katika dakika ya 99. Kisha 3–0 nyumbani mbele ya watu 68,741, ingawa João Paulo na Nouhou Tolo walitoka kwa majeraha kipindi cha kwanza. Bei yake ilionekana baadaye: João Paulo alichanika kano ya goti, na mwaka huo Seattle ikakosa mtoano wa MLS kwa mara ya kwanza tangu ijiunge na ligi mwaka 2009. Kikosi hakikutosha kwa mashindano mawili. Mwaka 2024 Columbus iliitoa Tigres kwa penalti, ikaifunga Monterrey nyumbani na ugenini, watu wakaanza kusema pengo limezibwa, ikaenda fainali Pachuca ikachapwa 3–0.

LAFC yenyewe ilirudi fainali mwaka 2023, Vela bado yupo, safari hii na Giorgio Chiellini kwenye kikosi. León ikashinda 2–1 kwao na 1–0 Los Angeles.

Halafu tarehe 31 Mei 2025 ikatokea mechi moja ya ajabu. León ilikuwa imeondolewa kwenye Kombe la Dunia la Klabu kwa sababu ya kuwa na mmiliki mmoja na Pachuca, na nafasi yake ikawekwa mezani: LAFC dhidi ya América, mjini Los Angeles, mshindi anakwenda. América ikatangulia kwa penalti ya Brian Rodríguez, ambaye LAFC ilimleta yenyewe kutoka Urugwai mwaka 2019 na baadaye ikamuuza kwa hao hao América. Dakika ya 89 Igor Jesus akasawazisha. Dakika ya 115 Denis Bouanga, Mgaboni, akapiga shuti lililoimaliza.